Mama alikuwa anasubiri saa kumi

Ramadhani ya mwaka jana, siku moja ya katikati ya wiki, nilifunga steshenari mapema nikarudi nyumbani Isevya, hapa Tabora, nikamkuta mama kakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, kajifunga kitenge kipya ambacho alikuwa anakitunzia Iddi, simu imejaa chaji iko kwenye kisahani mbele yake kama dawa, na pembeni baba mkubwa na miwani yake ameshika ile karatasi niliyoiprinti mimi mwenyewe. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikauliza jamani mbona mmejipanga hivi, mama akasema si leo kesi ya mdogo wako, saa kumi, tunasubiri apige.

Nikaishiwa nguvu kabisa. Kwenye karatasi imeandikwa 10:00, na mtu aliyezaliwa Tabora, akasoma Tabora, akastaafia Tabora, ukimwonyesha 10:00 atakusomea saa kumi, na hajakosea. Kumbe 10:00 ya Uingereza ni saa nne yao ya asubuhi, na saa nne yao mwezi wa tatu kwetu huku ni saa saba mchana. Kikao kilishaisha. Dogo alipiga mara mbili kabla hajaingia maana alitaka dua ya mama, na simu haikupokelewa kwa sababu muda huo ilikuwa kwa jirani mwenye sola inachajiwa, ili isije ikazima saa kumi.

Sasa niseme kwanza, mama anaita kesi ila si kesi, dogo hajaiba cha mtu. Mdogo wangu anaishi Uingereza, alienda kusoma akabaki anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mwaka jana mwanzoni aliugua akalazwa hospitali ya akili kwa lazima. Kule ukilazwa kwa lazima kuna baraza linalojitegemea unaweza kuliomba likae liangalie kama kuna sababu ya kuendelea kukufungia au uachiwe. Hicho ndo kikao chenyewe. Na mimi ninachotaka kuandika leo wala si ugonjwa wake, hayo ni yake. Nataka kuandika habari ya kuambiwa. Nani anaambiwa, nani haambiwi, na nani anaambiwa wa kwanza, kwa sababu kwenye hilo nilianza na hasira nikaishia kujionea aibu mwenyewe.

Tulivyojua: simu ya saa tano usiku, jamaa mmoja wa Ujiji anayekaa naye nyumba moja, ananiambia dada samahani nimeshindwa kunyamaza, mwenzangu amelazwa. Tangu lini? Wiki tatu. Wiki tatu! Sisi huku tunajua amenuna kwa sababu ya ile hela ya bati. Nikawaka. Asubuhi nikaandika imeili hospitali, kiingereza changu chote cha sekondari nilikimwaga pale, mimi ni dada yake wa damu, mama yake yupo hai, kwa nini hatujaambiwa. Wakajibu kistaarabu sana kwamba hawawezi kuthibitisha wala kukanusha kama wana mgonjwa wa jina hilo. Nilisoma mara tatu. Kukanusha! Nikawaambia watu wa nyumbani hawa wazungu wana roho gani, na nakumbuka niliposti kitu Facebook ambacho nilikuja kukifuta.

Aliyenielewesha ni wakili. Na hapo usifikiri tuna hela, kule mgonjwa anayeomba kikao hicho anapewa wakili bure. Dogo alipokubali wakili aongee na mimi, kijana wa watu akaniandikia imeili ndefu yenye upole, nikaiprinti, nikaisoma kaunta watu wananisubiri niwatolee kopi.

Sheria yao ni ya mwaka 1983, na ndani yake kuna mtu mmoja anayeitwa ndugu wa karibu zaidi. Mmoja tu, siyo ukoo. Huyo hospitali inampa karatasi zilezile za haki anazopewa mgonjwa, anaarifiwa kikao kikipangwa, na ana nguvu za ajabu, anaweza kuandika barua kwamba natoa notisi ya saa 72 namtaka mtu wangu atoke, na dokta asipoandika kwamba mgonjwa akitoka ni hatari basi anatoka. Na huyo ndugu hachaguliwi na kikao cha familia, anapatikana kwa orodha. Wa kwanza mume au mke, halafu watoto, halafu baba na mama, halafu kaka na dada, halafu mabibi na mababu, halafu wajukuu, halafu ndo wanakuja mjomba, shangazi, baba mkubwa, na mwisho wapwa. Binamu hayupo kabisa. Nilimsomea baba mkubwa akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, kwa hiyo mimi ni wa saba? Mtu aliyemlipia dogo ada tangu fom wani. Wa saba. Nikamwambia ndiyo baba, wa saba, lakini juu ya wapwa. Hakucheka.

Dogo hana mke wala mtoto, baba alishafariki, kwa hiyo kwa orodha ile mama ndo namba moja. Lakini kuna kipengele, na hiki ndo kilinikalisha chini. Kama mgonjwa anaishi Uingereza na huyo ndugu haishi Uingereza wala visiwa vyao vile vya jirani, sheria inasema ndugu atafutwe kana kwamba huyo wa nje amekufa. Sijatia chumvi, ndo maneno yenyewe, as if dead, wakili aliniwekea na alama za kunukuu na akaomba radhi kwa niaba ya bunge lao. Mama yangu, aliyekuwa nje wakati huo anachambua dagaa wa Kigoma na kuwatukana wauzaji kwamba wamechanganya mchanga, kisheria kule ni marehemu. Na mimi pia marehemu, na baba mkubwa wa saba naye marehemu. Hilo mama sijamwambia mpaka leo na najua hasomi blogu.

Yule jamaa wa Ujiji je? Sheria inakubali hata mtu baki ahesabiwe ndugu kama mmekaa naye pamoja miaka 5. Walikuwa wamekaa mitatu na nusu. Basi ndo hivyo, kaka wa watu anampikia, anampeleka hospitali, lakini kwa karatasi si mtu. Nilisoma kwamba Novemba 2024 walipeleka mswada bungeni kwao ili mgonjwa achague mwenyewe nani awe mtu wake badala ya hii orodha, na mimi nikasema afadhali, ingawa nilivyokuja kuelewa yaliyofuata nikajiuliza kama dogo angenichagua mimi.

Maana wakili alimalizia na sentensi moja ndogo tu. Kwamba hata kama mama angekuwa anaishi mtaa wa pili na hospitali, mgonjwa ana haki ya kusema karatasi zangu msimpe ndugu yeyote. Na mteja wangu alisema hivyo siku ya kwanza.

Yaani si wazungu waliotuficha. Ni yeye alisema tusiambiwe.

Kwa nini, hapo najua vizuri, na nilijua palepale nilipoisoma ile sentensi, wala sikuhitaji kumuuliza. Mwaka 2014 dogo alikuwa amemaliza fom siksi. Akaanza kutolala, akawa anaongea usiku, anatembea mpaka Kiloleni peke yake saa nane za usiku, watoto wa mtaani wakaanza kumwimbia Mirembe, Mirembe, jina la ile hospitali ya akili ya Dodoma. Familia ikaitisha kikao. Kikao hicho mwenye kazi ya kutoa taarifa nilikuwa mimi. Nilikuwa na daftari, nikaandika orodha ya watu kumi na mmoja: baba mkubwa, wajomba wawili, shangazi wa Nzega, shehe, mjumbe wa nyumba kumi, na wengine. Wa kupigiwa nikawapigia, wa kufuatwa nikawafuata kwa miguu, mjomba mmoja hakuwa na simu nilimfuata mpaka shambani na baiskeli ya kuazima. Hakuna aliyekosa. Wote kumi na mmoja walikaa sebuleni wakapewa chai na maandazi, wakaongea saa tatu nzima habari za mtu aliyekuwa chumba cha nyuma, ukuta mmoja, na yeye hakuwa kwenye daftari langu. Haikunijia hata akilini. Nilimpelekea chai yake nikafunga mlango.

Ikaamuliwa apelekwe Dodoma. Na ikaamuliwa asiambiwe, aambiwe tunaenda harusini, binti wa shangazi anaolewa. Tukapanda treni ya reli ya kati usiku, baba mkubwa, mjomba na mimi, na dogo kavaa shati la kudariziwa aliloazimwa kwa ajili ya harusi. Alikuwa na furaha. Pale Saranda akaning'inia dirishani akanunua kuku, akatugawia, akaniuliza sare za harusi ni rangi gani, nikamwambia maruni. Sijui kwa nini nilisema maruni. Alijua alipoona geti. Hakupiga kelele, hakukimbia, aligeuka akaniangalia mimi, wala si baba mkubwa, mimi. Na mtu wa kwanza katika safari nzima kumwambia hapa ni wapi na umeletwa kwa nini alikuwa nesi wa zamu, mama mtu mzima, alimvuta kiti akakaa naye uso kwa uso akamwambia mwanangu hapa ni hospitali, wenzio wanasema hulali, ni kweli?

Sheria yetu ya Afya ya Akili ni ya 2008, ina habari za hakimu kwenye mambo ya kumlaza mtu asiyetaka, na mwaka huo ilikuwa na miaka sita. Kati ya wale kumi na mmoja na mimi, shehe akiwemo, hakuna aliyewahi kuisikia.

Alipona, akasoma, akaenda zake. Ile habari ya harusi hatukuiongea tena, yeye mwenyewe ndo aliileta mwaka jana kwenye simu, baada ya kupata nafuu, wakati ananisimulia walivyomwambia kule.

Anasema siku ya kwanza nesi alikuja na karatasi akamsomea: umelazwa kwa kifungu cha 2, mwisho siku 28, ukitaka kupinga omba ndani ya siku 14 za mwanzo na baraza litakaa siku chache tu tangu lipokee maombi. Dogo akaichana mbele yake. Kesho yake nesi akarudi na nyingine akasoma tena. Akaitupa. Akarudi tena. Ikabidi aulize unanisumbulia nini, nesi akajibu sheria inanitaka nihakikishe umeelewa, siyo nihakikishe nimekupa, na lazima kwa mdomo na kwa maandishi vyote viwili. Dogo anasema hapo ndo alianza kumsikiliza kidogo. Lakini hakuomba, na siku 14 zikapita. Nikamuuliza kwa nini hukuomba wakati wamekueleza yote hayo? Akasema, dada, mimi nilijua ni harusi ya shangazi nyingine.

Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Siku 28 zilivyoisha wakamhamishia kifungu cha 3, huko ni mpaka miezi 6, akasomewa upya, na safari hii akaomba. Barua ya tarehe ya kikao lazima imfikie mapema kabla ya siku yenyewe, na barua ikaja na jina lake juu, siyo kwa mlezi wa, siyo kwa familia ya. Alinipigia picha. Akaiweka chini ya mto. Baadaye akapewa na ripoti, ya dokta, ya nesi, ya afisa ustawi, asome mwenyewe walichoandika juu yake kabla ya siku yenyewe, na anasema alikaa na kalamu nyekundu kama mwalimu, hapa uongo, hapa kweli, hapa mmekosea jina la mji wangu, si Tambora ni Tabora.

Na hapo ndo wakili akamuuliza tena kuhusu sisi. Akafikiria siku mbili. Akasema mama aambiwe tarehe na saa. Ripoti asipewe, mambo ya wodini asielezwe, tarehe na saa tu, na nitampigia kabla sijaingia. Mimi zamani nilikuwa najua mtu ama anaambiwa ama anafichwa. Kumbe kuna kuambiwa kwa vipimo, na mwenye kushika kipimo ni mgonjwa. Kwa sisi wa Tabora hili ni gumu, huku ukikohoa Isevya mpaka Cheyo wanakutumia tangawizi. Na wapo wagonjwa wengine ambao huyohuyo ndugu wa kuambiwa ndo aliyekuwa anawafunga kamba. Kwa wale waliofika hospitali baada ya kosa kubwa la jinai, kule hata aliyetendewa kosa ana njia yake ya kuarifiwa, ila hiyo si habari ya kwetu.

Basi tarehe na saa vikaja kwa imeili, nikaprinti, nikampa baba mkubwa amsomee mama kwa sababu nilikuwa nawahi kufungua. Yaliyobaki mmeshayajua. Sitaki kumtupia lawama mzee wa watu. Mimi ndo nilisoma 10:00 nikajua ni saa nne yao, nikajua ni saa saba yetu, nikaona ni jambo dogo la kila mtu kujua, nikaacha karatasi mezani nikaondoka. Tena kazi yangu kila siku ni karatasi! Watu wananiletea samansi niwasomee, na nimeshaona za kila namna, samansi ambayo tarehe imepita kwa sababu aliachiwa mwenye nyumba, iliyotumwa kwa meseji kwenye laini aliyokwisha kuitupa, aliyopewa mjumbe naye yuko shamba wiki mbili anavuna tumbaku. Na daftari la aliyeleta linasema amearifiwa, na kasaini. Nilikuwa nacheka. Sasa kwenye orodha ya wachekwa nimo.

Kikao chenyewe alituelezea usiku baada ya futari, mama akiwa amekaa na simu mikono miwili. Watu watatu: hakimu, daktari wa akili ambaye si yule anayemtibu, na wa tatu si hakimu wala daktari. Huyo wa tatu ndo alimuuliza swali gumu, ukitoka leo utalala wapi? Akasema kwa mwenzangu wa Ujiji. Wakamuuliza afisa ustawi, akasema mwenye nyumba ameshawapa notisi ya kuhama. Wakatoka, wakarudi, wakasema hatukuachii. Siku hiyohiyo, kwa mdomo, na maandishi yangekuja ndani ya siku 7.

Mama akauliza, na wewe ulikuwepo wanavyoongea yote hayo? Akasema nilikuwepo mama, nimekaa nao meza moja, nimeongea zaidi ya dokta. Mama akasema alhamdulillah. Mimi nikawa naangalia chini. Halafu dogo akauliza mbona hamkupokea, ikabidi tumwambie habari ya saa kumi, na alicheka jamani, alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kupaliwa, mpaka nesi kule tukamsikia anamuuliza kulikoni. Akawa anamfafanulia kwa kiingereza kwamba sisi saa tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hiyo kumi ni jioni, na nesi anasikika anasema lakini hiyo ina mantiki zaidi kuliko yetu.

Mwezi wa saba ile miezi 6 ikaisha, wakamwongezea, naye akaomba kikao tena, ni haki yake mara moja kila kipindi. Safari hii hatukuletewa imeili na wakili. Alipiga mwenyewe, akasema niwekee spika, baba mkubwa yupo? Mwite. Shangazi wa Nzega yupo? Alikuwepo, alikuja kwa ajili ya msiba wa jirani. Mwite. Tukakaa wote sebuleni ileile. Akasema tarehe. Akasema 10:00. Baba mkubwa akajibu kwa sauti ya mtu aliyejifunza, saa saba mchana, na ameshaanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani.

Dogo akasema hapana baba, kipindi hiki cha jua huku walishasogeza saa mbele, sasa hivi 10:00 kwenu ni saa sita.

Kimya. Baba mkubwa akafuta saba akaandika sita, akaangalia kalenda, akamwangalia mama.

Mama akasema, basi mimi nitakaa hapo mkekani kuanzia asubuhi.